Sumaku na Mkono wa Daforoza

Nilitokwa na damu kwa miezi minane kabla sijamwambia mtu. Naanza na hilo kwa sababu najua yuko anayesoma hapa akiwa na siri kama ile yangu, na angependa niruke haraka hadi kwenye kupona. Siruki. Aibu ilikaribia kunimaliza yenyewe, bila hata kuusubiri ugonjwa.

Mimi ni fundi redio. Kibanda changu kipo Kabanga, karibu na mabasi yanapogeuzia, hatua chache tu kutoka mpaka wa Burundi. Babu yangu alitoka pwani na biashara ya nguo, akafika Ngara akaishia hapo, nasi wajukuu tukazaliwa Waswahili wa milimani, Waislamu tunaokula ndizi kuliko wali. Miaka ya wakimbizi kazi ilikuwa haishi. Mtu aliyekimbia kwao bila godoro alikuwa na redio, na redio ikinyamaza aliileta kwangu kwa miguu kutoka kambini, maana bila hiyo hajui kama kwao kumetulia au bado. Nimefungua redio zenye tundu za risasi. Zote nilizirudisha zikisema, au karibu zote, na nilijivuna sana kwa hilo.

Damu niliiona mara ya kwanza msimu wa kupanda maharage, mvua za vuli zilipoanza. Ilikuwa kidogo, nyeusi nyeusi, imechanganyika na choo. Nikasema ni pilipili. Wiki iliyofuata nikasema ni kukaa mno kwenye kiti. Nikawa natia udhu mara mbili tatu kwa sala moja, hadi nikaacha kwenda msikitini, nikawa nasali nyumbani. Watu wakaanza kusema fundi ameonja rubisi, ile pombe ya ndizi ya wakwe zake, sasa anaona haya kusimama safuni. Nguo zangu za ndani nikawa nazifua mwenyewe nyuma ya nyumba, na mwanamume wa Kabanga akianza kufua nguo zake za ndani, mkewe hafikirii ugonjwa.

"Ni nani?" Zulfa aliniuliza siku moja, amesimama mlangoni na kanga kiunoni.

"Nani nani?"

"Huyo unayemfulia."

Zulfa ni mke wangu. Kwao ni Kirushya, wakulima na Wakatoliki tangu enzi, na huko hadi leo wanamwita Gaudensia. Nilimwacha aamini kwamba nina mwanamke wa nje, kwa miezi kadhaa, kwa kuwa niliona hilo ni nafuu kuliko kulitamka neno damu. Nikikumbuka sasa najiona mjinga kabisa.

Kilichoniumbua ni mikono. Waya za redio ni nyembamba, zinataka mkono uliotulia. Masika yalipokolea vidole vyangu vikaanza kutetemeka, pumzi ikawa fupi, masikio yakawa yanavuma mchana kutwa. Viganja vilikuwa vyeupe hadi wateja wakawa wanavitazama. Siku moja nimeiinamia redio ya mtu, nikaanguka nayo. Nilipozinduka Zulfa alikuwa amekipakata kichwa changu, na suruali yangu ilikuwa imeshamweleza kila kitu.

Alilia kwa hasira kwanza. "Miezi yote hii, Bakari? Ningejua ni ugonjwa ningekuhurumia. Mimi nilikuwa nakuzidishia chumvi makusudi."

Kaka yangu Hamisi, anayeishi Biharamulo, alipopata habari akaniita. Kwa kila mwenye mdomo, mtu mzima akitokwa na damu huko nyuma ni bawasiri, basi. Hamisi akanipeleka Nyamahanga, huko huko Biharamulo, kwa mzee mmoja anayesifika kwa bawasiri, mtu mpole, akanipa mizizi ya kuchemsha na maji ya vuguvugu ya kukalia. Nilikalia maji yale wiki tatu. Simlaumu, huenda bawasiri anaiweza kweli. Ila yangu haikuwa bawasiri, na hakuna aliyekuwa amenitazama. Ukiniuliza jambo moja la kushika katika maneno yangu yote, shika hili: usikubali kutibiwa na mtu ambaye hajakutazama.

Zulfa ndiye aliyenitoa Biharamulo kwa nguvu, akanipeleka hospitali ya misheni upande wetu wa Ngara. Nililijua benchi la pale kuliko kiti changu cha kazi. Lilikuwa refu, la mbao, limeng'aa kwa makalio ya watu. Wenyeji na wakimbizi tulikaa bega kwa bega, na ukikaa muda mrefu unaacha kujua nani ni nani, kwa sababu kikohozi ni kimoja na dua ni moja. Mwanamke mmoja wa kambini alinipisha pembe ya benchi yenye ukuta wa kuegemea, akiwa na mtoto mgongoni. Sikuwahi kujua jina lake. Huruma ndogo za namna hiyo ndizo zilizonishikilia, na mgonjwa huwa hazisahau.

Daktari wa pale alinipima kwa kidole. Nilifumba macho nikasoma kila sura ninayoijua. Ilichukua muda mfupi kuliko kubadilisha betri, na kwa ajili ya hilo nilikuwa nimejificha miezi minane.

"Hii si bawasiri," alisema. "Damu inatoka juu zaidi, ndani ya utumbo mpana. Inawezekana ni kidonda, inawezekana ni uvimbe. Kama ni uvimbe, lazima tujue ni wa namna gani."

Waliniongezea chupa mbili za damu, ya Hamisi na ya shemeji yangu wa Kirushya. Kisha daktari akasema kuna timu ya madaktari wageni imekuja kwa ajili ya wakimbizi, wana mpira mwembamba wenye kamera kwenye ncha. Unaingizwa kwa njia ya haja kubwa, unazunguka utumbo wote, na wanaona kwenye kioo kama cha televisheni. Wangekaa hadi Jumamosi. Wakishindwa kuona, itabidi nipasuliwe tumbo ili watafute kwa macho na mikono.

"Na nikipasuliwa?" aliuliza Zulfa.

Daktari alitazama viganja vyangu kabla ya kumjibu. "Kwa damu aliyonayo, mama, ningependa sana tusifike huko."

Kwa hiyo mambo yangu yote yalisimama juu ya mpira ule. Ukifika mwisho wa utumbo, nina nafasi. Usipofika, nangojea kisu ambacho huenda nisiamke baada yake.

Aliyenipokea upande wa timu ile alikuwa muuguzi mkimbizi, Mrundi, jina lake Daforoza. Mwanamke mfupi wa makamo, mwenye viganja vipana vya mtu aliyelima utotoni. Kwao alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, na kambini aliishi kwenye nyumba ya turubai na wadogo zake wawili. Alinikabidhi ndoo ndogo ya dawa ya chumvichumvi ya kusafisha tumbo.

"Muzee, unakunywa yote," alisema. "Kutoka sasa hakuna chakula. Maji tu, na chai ya rangi. Tumbo libaki tupu kama sufuria iliyooshwa."

"Nitaogopa sana?"

"Hapana. Utaogopa kidogo tu."

Nilikunywa. Nilikwenda chooni mara nyingi hata nikaacha kuvaa mkanda. Ilipofika alasiri nilikuwa mwepesi, kizunguzungu kimenishika, nimekaa kivulini nyuma ya wodi, ndipo nilipomwona mama mkwe wangu anakuja na kikapu kichwani.

Hapa lazima nieleze, vinginevyo utanicheka bila kunielewa. Nilipomuoa binti yake kulikuwa na maneno mengi, ya Kanisa kwa upande mmoja na ya msikiti kwa upande wa pili. Mimi nilikuwa kijana mkali wa dini, nikatangaza kwamba Kirushya sitakula, kwa kuwa vyungu vyao vinapikiwa nguruwe. Mama Anastazia hakubishana. Alinunua chungu kipya, akakiweka peke yake darini, na tangu siku ile hakuna kitu kilichopikwa humo ila chakula changu. Alikiosha kwa majani yake na maji yake. Miaka zaidi ya ishirini. Nimekula kwenye chungu kile katika misiba na harusi, na sijawahi kukirudisha na kitu ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Alikitua kikapu, akanitazama kutoka juu hadi chini. "Umekwisha hivi? Hawa watu wanakurisha nini?"

Alifungua majani ya mgomba. Chungu changu. Ndizi na maharage mapya, bado vina joto, na alikuwa ametembea tangu asubuhi akikisitiri kwa kanga kisipoe.

Nilimwambia, "Mama, nimekatazwa kula."

"Kidogo tu. Mgonjwa asipokura anapona na nini?"

Nikala. Nilijiambia ni vijiko vitatu, na vijiko vitatu havina neno kwa daktari. Havikuwa vitatu. Alipoondoka alikuwa na furaha, na mimi pia, kwa muda mfupi.

Kesho yake asubuhi Daforoza akaniuliza mara mbili kama nimekula chochote. Mara mbili nikasema hapana, kwa sauti ya mtu anayeonewa. Nikalazwa ubavu, nikachomwa sindano ya kulegeza mwili ambayo haikunilaza usingizi kabisa, na mpira ukaanza safari. Kioo kilikuwa mbele yangu. Kwa dakika chache niliona njia ya rangi ya waridi, imelowa, inameta, na nikasahau maumivu kwa mshangao kwamba huyo ni mimi. Kisha njia ikaziba. Maganda, mengi, mekundu.

Daktari wa timu alikuwa Daktari Sanga, Mtanzania mwenzetu aliyesomea ng'ambo, mtu wa sauti ya chini. Alitazama kioo kwa muda.

"Bwana fundi," akasema, "haya maharage yamepandwa humu humu?"

Sikuwa tayari kumtaja mama mkwe wangu mbele za watu huku suruali yangu iko kwenye kiti. Daforoza alivua glovu zake kwa namna ambayo sijaisahau. Kulikuwa na watu wengine kwenye foleni ambao wangeitumia nafasi ile vizuri, watu wa kambini ambao hawakuwa na hospitali nyingine duniani. Nilitamani anigombeze.

Daktari Sanga alinipa nafasi moja tu iliyobaki, Alhamisi. Zulfa alipoujua ukweli aliondoka bila kuniaga, akaenda Kirushya. Nilidhani ameniacha. Alirudi na mama yake. Mama Anastazia hakuja kuomba radhi, si tabia yake. Alikuja na kigoda, akakiweka mlangoni pa wodi, akakaa hapo siku nzima na iliyofuata, na kila mtu aliyefika na kikapu aliulizwa ni cha nani. Hamisi alikuja na maandazi ya kula yeye mwenyewe, akanyang'anywa.

"Utayachukua ukitoka," alimwambia. "Huyu ni wangu kumrinda."

Alhamisi tumbo lilikuwa safi. Mpira ukapita pale uliposhindwa, ukaenda, halafu kwenye kona moja ukagoma. Nieleze kifundi. Ukisukuma waya ndani ya bomba lenye kona, ncha ikigoma konani waya unaendelea kuingia lakini hauendi mbele, unajikunja nyuma. Ndivyo ilivyokuwa tumboni mwangu. Kila Daktari Sanga aliposukuma, kitanzi kilivimba ubavuni na maumivu yalinipanda hadi kooni.

Hapo ndipo nilipouona mkono wa Daforoza ukifanya kazi. Aliweka viganja vyote viwili juu ya tumbo langu, akafumba macho, akatafuta. Akakipata kitanzi kwa ndani kama mtu anayepapasa yai chini ya kuku, akakibana, akasema, "Sasa." Mpira ukasogea. Ukateleza ukarudi. Akabana tena. Jasho lilimtoka puani, mikono ikaanza kumtetemeka, na mimi ninayejua mikono inayotetemeka niliona kwamba anatumia nguvu yake yote. Walijaribu kwa muda mrefu. Mwishowe daktari akautoa mpira taratibu, akakaa kwenye kiti.

Nilijua maana yake. Niligeuza uso ukutani.

"Bwana fundi," alisema. "Nina kitu kimoja ninachojaribu. Nimekifanya kwa watu wachache sana. Ukikataa sitakulaumu, na dawa zako zote utapata vilevile."

Akafungua sanduku. Kulikuwa na kipete kidogo cha sumaku, kilichofunikwa kwa plastiki, cha kuvishwa kwenye ncha ya mpira. Na kulikuwa na sumaku nyingine nene ya mkononi, imeviringishwa kitambaa. Ncha ikifika konani, alisema, sumaku ya nje itawekwa juu ya ngozi na kuishikilia pale pale isirudi. Ndipo yeye aunyooshe mpira uliojikunja nyuma, halafu aachie na kuendelea hadi kona inayofuata.

Sasa sumaku si kitu cha kunieleza mimi. Nimezitoa kwenye spika mbovu maisha yangu yote. Nilikuwa nimelala pale nimefunikwa shuka, sina heshima yoyote iliyobaki, lakini nilinyoosha mkono.

"Nipe niione."

Alinipa bila kucheka. Nikaweka ile ndogo chini ya mto, nikapitisha kubwa juu. Ikashika. Nikakunja mto mara mbili, ikashika kwa unyonge. Nikaipima kwenye paja langu, kwenye kiganja, nikainyanyua kuona inaachia vipi. Iliachia vizuri, bila kunyofoa.

"Kwa mtu mnene ningesita," alisema daktari. "Wewe umekonda."

Kwa mara ya kwanza kukonda kulinifaa. "Sumaku ni nzuri," nikasema. "Lakini hapa haitafanya kazi."

"Kwa nini?"

"Kitanda hiki ni chuma."

Aliisogeza sumaku ukingoni mwa kitanda, na kabla hajasema neno ikamponyoka mkononi ikajibandika kwenye bomba la kitanda kwa kishindo. Ilibidi watu wawili waibandue. Alikozoea yeye vitanda havikuwa vya namna ile. Daktari Sanga aliniangalia na akafanya kitu ambacho mafundi wengi hawawezi, hasa waliosoma. Akasema, "Asante. Tufanyeje?"

Nikawaambia watafute meza ya mbao iliyoungwa kwa ndimi za mbao zenyewe, si kwa misumari mirefu. Nikawaambia wavue saa zao, maana sumaku ile ingezifisha. Nikamwambia Daforoza atoe pini za nywele. Meza ilipatikana jikoni kwa masista, wanaume wanne wakaibeba kupitia mlango aliokuwa anaulinda mama mkwe wangu. Naye alipoona meza tupu inapelekwa kwa mkwewe, alidhani ni ya kuoshea maiti yangu, akapiga ukunga ambao nadhani ulisikika hadi Burundi. Zulfa alikimbia kumtuliza. Mimi nikiwa ndani nilisikia ninavyoliliwa, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi kidogo.

Mchana ule ule wakanilaza mezani juu ya mablanketi. Mpira ukaingia, na kipete chake. Ulipofika konani daktari akasema, "Uko hapo," akaishusha sumaku juu ya tumbo. Haikushika. Akaisogeza, haikushika. Kioo kinaonyesha ndani ya utumbo, hakionyeshi utumbo uko upande gani wa tumbo, na sumaku bila kujua mahali ni chuma tu.

"Ngoja, Daktari," alisema Daforoza.

Akaweka kiganja. Akafumba macho tena. Nilimtazama uso wake kwa karibu, na sijawahi kuona mtu akisikiliza kwa mkono namna ile. Alipita chini ya mbavu, akarudi, akasimama.

"Hapa."

Sumaku ikawekwa kati ya vidole vyake. Nikahisi mguso mdogo kwa ndani, ngozi ikavutwa chini kidogo, na kazi ikaanza. Daktari akauvuta mpira nyuma, na kwa mara ya kwanza ncha haikurudi nao. Kile kitanzi kilichonitesa asubuhi kikanyooka, nikahisi maumivu yanashuka kama mzigo unaotuliwa. Akasukuma. Njia ikafunguka kwenye kioo. Kona ya pili Daforoza akasema "hapa" tena, na tena ilikuwa hapo. Hawakuwa wakizungumza zaidi ya hayo. Nimefanya kazi na watu wengi, na najua ni nadra kuona wawili wanaofanya kazi moja bila mmoja kutaka kuonekana zaidi ya mwenzake.

Kilikuwa mwisho kabisa, upande wa kulia. Kinyama, kimesimama juu ya kishina chake kama uyoga, kinatoa damu kwa kichwa. Kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba changu. Niliona kitu kilichoninywa tangu vuli nikashangaa kwamba ni hicho tu.

Sumaku iliondolewa, ikapelekwa chumba kingine. Daktari akapitisha waya wenye kitanzi ndani ya mpira ule ule, akakivisha kinyama shingoni, akakaza, akapitisha umeme. Moshi mdogo kwenye kioo. Kikaanguka. Damu haikutoka.

"Kazi safi," nilisema. Ni maneno ninayowaambia mafundi wenzangu tu, na si wengi wameyasikia.

Daforoza alikuwa anafuta jasho. "Bado, muzee. Kitapelekwa Mwanza kipimwe kama ni kansa. Ukipata majibu, mimi nataka kuyajua. Usinisahau."

Kusubiri kule kulikuwa kugumu kuliko meza. Timu iliondoka Jumamosi. Kiangazi kiliingia, kahawa ikaanikwa, vumbi la malori likajaa kibandani. Nguvu zilianza kurudi kwanza miguuni, halafu kwenye pumzi, mwisho vidoleni. Nilirudi msikitini, na imamu hakuniuliza kitu. Lakini kila nilipocheka nilikumbuka bahasha ya majibu niliyoingojea kutoka Mwanza. Zulfa na mimi tulikosana kwa mambo madogo, kikombe, taa, mlango, kwa kuwa hatukuthubutu kukosana kwa lile kubwa. Siku nyingine alikuwa ananiwekea tu mkono tumboni tukiwa tumekaa. Nawaambia wenye wagonjwa: ugomvi wa wakati huo msiuhesabu.

Bahasha ilikuja kahawa inapokwisha. Zulfa aliifungua, mimi nilishindwa. Haikuwa saratani. Ilikuwa kinyama cha aina ambayo ikiachwa miaka huweza kugeuka, na chote kilikuwa kimetoka. Nirudi kupimwa tena baadaye. Zulfa alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na jioni ile mama mkwe wangu akateleka chungu changu, akapika, nikala mbele ya watu wote hadi nikakikwangua.

Nikaenda hospitali kumwambia Daforoza. Hakuwepo. Kambi zilikuwa zinafungwa, watu walikuwa wanarudishwa kwao, naye alikuwa amejiandikisha. Nikaenda kambini nikakuta nyumba yake imebomolewa. Malori ya wanaorudi yalikuwa yanapita Kabanga, mbele ya kibanda changu, na kila siku ya msafara nilifunga kazi nikasimama barabarani na bahasha mkononi. Misafara miwili ilipita bila yeye.

Wa tatu, lori lilisimama mpakani kusubiri kukaguliwa, na nikamwona juu, amekalia godoro lililoviringishwa, wadogo zake wako pembeni. Aliniona kabla sijamwita.

"Fundi! Majibu yametoka?"

"Yametoka. Si kansa."

Alifumba macho kama alivyofanya mezani. Kisha akasema, "Nisomee."

Nikaisoma, nimesimama chini ya lori, kwa sauti ya juu ili anisikie. Nilisoma damu, nilisoma utumbo mpana, nilisoma haja kubwa, nikasoma hadi sahihi. Lori zima lilisikia, na wabadilisha fedha pale kando wakasikia, na mimi sikujali. Nilipomaliza Daforoza alikuwa analia huku anacheka. Nilitaka kumuuliza huko anakorudi kuna nani, kuna nyumba, lakini mzee mmoja aliyekuwa nyuma yake akainama mbele. Alikuwa mzee mwembamba, kofia mkononi, na viganja vyake vilikuwa vyeupe.

"Mwanangu," aliniambia taratibu, "hiyo damu yako, ilikuwa ya rangi gani?"

Sikuwahi kumjibu. Injini ilishaungurumishwa na kizuizi kikainuliwa. Daforoza aliacha kunitazama, akamgeukia, akamshika kiganja, na lori lilivuka akiwa anamuuliza imeanza lini.